Mbio, Vyuma na Kazi ya Siku: Kipi Kitangulie Kyela?

Kila palipo na vijana wanaopiga tizi, ubishi wa kama mtu aanze na mbio au aanze na vyuma haukosekani, na Kyela nayo ina wabishi wake. Mjini, Ipinda, hata Matema ufukweni, jimu ya kawaida ni bomba la maji lililochomekwa kwenye makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege, benchi la mbao na kivuli cha mwembe. Hapo mmoja atakwambia mbio zitangulie kwa sababu zinapasha mwili na kukata mafuta. Mwenzake atajibu kwamba anayekimbia kwanza anaacha nguvu zake barabarani na kufika kwenye chuma akiwa hana kitu. Wote wawili wanaweza kupata ushahidi wa kitaalamu wa kuwaunga mkono. Lakini wote wawili wanahesabu siku kana kwamba inaanzia pale chini ya mwembe. Mkazi wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa mara nyingi hufika mazoezini akiwa ameshapiga jembe, kasia, pedali au ameshabeba magunia, na msuli uliochoka umechoka, uwe umechokea shambani au kwenye benchi. Ninachotetea hapa ni kwamba kazi ya siku ihesabiwe kuwa zoezi la kwanza katika ratiba, na kitakachotangulia baada ya hapo kiwe kile ambacho siku haikukitoa, kikifanywa na viungo ambavyo siku haikuvichosha.

Chimbuko la mjadala huu kitaalamu ni jaribio la Robert Hickson wa Chuo Kikuu cha Illinois kule Chicago, lililochapishwa mwaka 1980. Kwa wiki 10 kundi moja lilinyanyua vyuma siku 5 kwa wiki, la pili lilifanya mazoezi ya pumzi kwa baiskeli na mbio siku 6 kwa wiki, na la tatu likabeba programu zote mbili. Waliofanya vyuma peke yake waliongeza nguvu za miguu kwa takriban asilimia 44. Waliochanganya, kwa takriban asilimia 25. La kuangalia zaidi ni jinsi pengo hilo lilivyotokea. Mpaka kama wiki ya saba makundi hayo mawili yalikuwa yakipanda karibu sambamba, kisha nguvu za waliochanganya zikagota, na kufikia wiki mbili za mwisho zikaanza kurudi chini. Pumzi yao haikuguswa: uwezo wa mwili kutumia oksijeni ulipanda sawa na wa wale waliokimbia na kuendesha baiskeli tu. Kwa maneno mengine, vyuma havikuzidhuru mbio, ila mbio zilividhuru vyuma, na tangu hapo wakufunzi wengi wakaanza kuogopa kuchanganya.

Jaribio hilo hutajwa kuliko linavyosomwa. Watu wa kundi la tatu walikuwa na vipindi 11 vizito kwa wiki, karibu vyote vikiangukia miguu ileile, na hakuna mtu wa kawaida anayefanya hivyo, awe Chicago au Kyela. Tena Hickson hakupima kabisa kipi kitangulie. Alipima kama kuchanganya kunapunguza nguvu. Kumtumia yeye kumaliza ubishi wa mpangilio ni kumbebesha asichokipima. Alichotuachia ni onyo kuhusu wingi wa kazi juu ya misuli ileile, na onyo hilo, kama tutakavyoona, linamhusu mkulima wa mpunga kuliko linavyomhusu karani.

Waliopima mpangilio wenyewe walikuja baadaye. Mwaka 2018 Lee Eddens na wenzake walikusanya tafiti 10 zilizolinganisha watu waliofanya vyuma kabla ya pumzi na waliofanya pumzi kabla ya vyuma katika kipindi kimoja. Walioanza na vyuma walipata nguvu za miguu zaidi kwa takriban asilimia 7. Katika ukubwa wa misuli, katika mafuta ya mwili na katika uwezo wa kutumia oksijeni hapakuonekana tofauti ya maana. Asilimia 7 si bure, lakini tuipime kwa chuma: kwa kijana anayechuchumaa na kilo 60 begani ni kama kilo 4, baada ya wiki nyingi za kazi. Mshindani wa kunyanyua uzito azililie kilo hizo. Mwalimu wa shule ya msingi anayetaka kupunguza tumbo na kushusha presha hana sababu ya kugombana na mtu kwa ajili yake.

Upande wa pili nao una ushahidi, na umetoka Afrika hii hii. Mwaka 2005 Moktar Chtara na wenzake wa Tunisia walichapisha jaribio la wiki 12 kwa wanafunzi wa michezo. Waliokimbia kwanza ndipo wakafanya mazoezi ya nguvu ya mzunguko walipunguza muda wao wa mbio za kilomita 4 kwa zaidi ya asilimia 8. Waliogeuza mpangilio walipunguza kwa chini ya asilimia 5. Na kule Brazil, Eduardo Cadore na wenzake walionyesha mwaka 2012, kwa wanaume wenye umri wa wastani wa miaka karibu 65, kwamba walioanza na vyuma waliongeza nguvu za magoti kwa asilimia 35 dhidi ya 22 ya walioanza na baiskeli. Ukiziweka tafiti hizi pamoja hazipingani hata kidogo. Kinachotangulia hupata mwili mbichi, kwa hiyo hunufaika zaidi. Kinachofuata hupata kilichobaki. Hilo ndilo jibu fupi la swali, na mtu ambaye siku yake yote ni ya kukaa anaweza kuishia hapo: atangulize anachokitaka zaidi.

Kwa wengine inabidi tuulize uchovu huo unakaa wapi. Maelezo yanayopendwa sana ni ya ndani ya chembe za msuli: zoezi refu la pumzi huamsha kimeng'enya kiitwacho AMPK, ambacho ni kama mweka hazina anayefunga matumizi nishati inapopungua, na kwa kufunga huko hupunguza kazi ya mfumo wa mTOR unaojenga msuli. Maelezo hayo yana ukweli, ila katika miili ya watu halisi athari yake imeonekana kuwa ndogo kuliko ilivyotangazwa. Uchambuzi mpana wa Moritz Schumann na wenzake wa mwaka 2022, uliokusanya tafiti 43, haukuona kwamba kuchanganya mazoezi kunazuia nguvu za juu wala ukuaji wa misuli. Kilichopungua kidogo ni nguvu za ghafla, zile za kuruka na kuchomoka, hasa vyote viwili vinapofanywa katika kipindi kimoja. Muhimu zaidi kwetu ni uchambuzi wa Jacob Wilson wa mwaka 2012. Ulionyesha kwamba mbio huvuruga nguvu za miguu kuliko baiskeli, na kwamba nguvu za mikono na kifua haziguswi sana na mazoezi ya miguu. Uchovu unaovuruga, basi, una anwani: unakaa katika misuli iliyofanya kazi, haujasambaa mwili mzima kwa usawa.

Hapa ndipo Kyela inapoingia kwenye hesabu kwa uzito wake. Mvuvi wa usipa huenda majini usiku na kurudi alfajiri akiwa amepiga kasia na kuvuta wavu kwa saa kadhaa. Mabega, mgongo na vidole vyake vimefanya kazi, lakini mapaja yake yalikuwa yamekunjwa ndani ya mtumbwi. Kumwambia mtu huyu aanze na benchi kwa sababu utafiti unasema vyuma vitangulie ni kumpa dawa ya mgonjwa mwingine. Mikono yake tayari imepata chakula chake cha siku. Anachokosa ni miguu: kuchuchumaa na uzito begani, kupanda na kushuka kwenye kigogo, kisha mwendo wa kasi au mbio fupi. Mkulima wa mpunga wakati wa kupalilia amegeuzwa kinyume. Amekaa ameinama saa nyingi, mgongo na nyuma ya mapaja vimebanwa, miguu imevuta tope. Jioni yake haihitaji kuinua chuma kutoka chini kwa mgongo uleule. Inafaa afanye pushapu, kuvuta mwili juu kwenye tawi au bomba, na mazoezi ya tumbo, halafu alale. Kuli wa Kasumulu, anayeshusha na kupakia magunia mpakani kutwa, ameshanyanyua tani kabla jua halijazama. Huyo pumzi itangulie, tena taratibu, na vyuma anaweza kuviacha kabisa kwa siku hiyo bila kupoteza lolote.

Baiskeli inastahili neno lake. Kyela ni bonde tambarare, na baiskeli kule ni miguu ya pili: hubeba ndizi, mpunga na watu, na ukivuka Mto Songwe kuingia Karonga utaikuta inafanya kazi ya teksi kwa jina la kabaza. Mwendesha baiskeli wa namna hiyo anapata pumzi ya kutosha kwa siku bila kuvaa raba za mazoezi. Na kwa kuwa pedali haipigi msuli mapigo yale ya kutua ambayo mbio hupiga, mwenye baiskeli anaweza kwenda kwenye chuma cha miguu jioni akiwa na hasara ndogo kuliko mkimbiaji. Kijana aliyeacha baiskeli akanunua bodaboda, kinyume chake, amebadilisha mwili wake pamoja na kipato chake. Amekaa kutwa, mgongo umejikunja, miguu haijafanya chochote ila kuegemea chini kwenye foleni ya abiria. Yeye, pamoja na karani, mwalimu na mwenye duka, ndio watu ambao vitabu vya mazoezi viliandikwa kwa ajili yao, na kwao kanuni ya kutanguliza unachokitaka zaidi inafanya kazi bila marekebisho.

Kuna jambo jingine ambalo wabishi wa chini ya mwembe hawalioni kwa kuwa limo mikononi mwao. Zege lina uzito wa kama kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo, hivyo kopo la rangi la lita 4 likijazwa pomoni linakaribia kilo 10. Makopo mawili na bomba lake ni kilo 20 na ushei. Uzito huo haukui: hakuna sahani ya kilo 2 ya kuongeza wiki ijayo, na anayetaka zaidi inabidi arukie ndoo ya lita 20, ambayo ikijaa zege ni kama kilo 48 peke yake. Kwa hiyo kijana anaongeza idadi. Alianza na 12, sasa anafanya 40 bila kuweka chini. Kunyanyua mara 40 mfululizo ni zoezi la stamina kuliko la nguvu za juu, na tafiti zilizoogopa mbio kuharibu nguvu zilikuwa zinapima uzito ambao mtu anaweza kuuinua mara moja tu. Ina maana ubishi wa mpangilio unapungua makali zaidi pale ambapo chuma ni chepesi. Kijana huyo angepata faida kubwa zaidi kwa kulifanya zoezi lilelile kuwa gumu, kwa kushuka polepole, kutumia mguu mmoja, kumbeba mwenzake mgongoni au kumwaga zege la kopo la tatu lenye ukubwa wa kati, kuliko kwa kubadilisha mbio ziende mbele au nyuma.

Ardhi nayo inaamua. Anayekimbia barabara ya lami kutoka Kyela mjini kuelekea Ipinda anakimbia kwenye tambarare. Anayekimbia mchanga wa Matema au Ngonga yuko kwenye zoezi jingine kabisa: vipimo vya Thierry Lejeune na wenzake vya mwaka 1998 vilionyesha kwamba kukimbia kwenye mchanga hugharimu nishati mara 1.6 ya kukimbia kwenye ardhi ngumu, kwa sababu mguu unazama na kusukuma mchanga badala ya kurudishiwa msukumo. Nusu saa ya ufukweni, kwa miguu, ni mbio na nusu ya vyuma kwa pamoja. Ukishaifanya, kuchuchumaa na ndoo za zege baada yake ni kurudia, na mtu anayeng'ang'ania ataona uzito ukishuka wiki hadi wiki na kulaumu chakula. Nyuma ya Matema Milima ya Livingstone inasimama karibu wima kutoka ziwani, na njia zake za miguu zinatoa kile ambacho bonde halina, yaani mwinuko. Mkimbiaji wa Tukuyu, anayeishi kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, anakimbia vilima kila siku akitaka asitake na kujenga mapaja humo humo. Mkimbiaji wa Kyela, aliye karibu na usawa wa ziwa wa mita 475 hivi, ana tambarare na joto. Kwake chuma cha miguu ndicho kilima chake, na kwa sababu hiyo hakistahili kuwekwa mwishoni mwa kipindi kila siku, mahali ambapo watu hukimaliza kwa kulipua.

Hilo la joto ndilo linalomaliza sehemu kubwa ya ubishi, kwa kuwa Kyela mpangilio mara nyingi umeshapangwa na jua. Hewa ya bonde lile ni nzito kwa unyevu, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Moyo hulazimika kusukuma damu nyingi kwenye ngozi badala ya misuli, na mbio za mwendo uleule huwa ngumu zaidi. Mbio za maana, basi, ni za saa 11 alfajiri mpaka saa 1 asubuhi. Chuma hakina masharti hayo. Kinaweza kungoja saa 11 jioni chini ya kivuli, mtu akipumzika kati ya seti na seti. Anayefuata jua namna hii anajikuta ametenganisha mazoezi hayo mawili kwa saa 10, na hapo tafiti zinampa haki. Julien Robineau na wenzake, katika jaribio la wachezaji wa raga lililochapishwa mwaka 2016, walilinganisha waliofanya nguvu na pumzi bila kupumzika katikati, waliotenganisha kwa saa 6 na waliotenganisha kwa saa 24. Waliounganisha bila mwanya walipata matokeo duni kuliko waliotenganisha, na saa 24 zilikuwa bora zaidi. Swali la kipi kitangulie linauma pale tu mtu anapokuwa na saa moja tu ya kufanya vyote viwili. Mwenye alfajiri na jioni amelikwepa, na mwenye Jumatatu na Jumanne amelikwepa zaidi.

Pingamizi la kwanza dhidi ya haya yote ni kubwa na linastahili jibu refu: kama kazi ni zoezi, kwa nini mkulima ahangaike na vyuma hata kidogo? Wapo wanaotaja Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, ambao timu ya David Raichlen ilionyesha mwaka 2017 kwamba hutumia zaidi ya saa moja kila siku katika mwendo wa nguvu za kati hadi kubwa, na mioyo yao ina afya njema. Hakuna jimu Eyasi. Kwa upande wa pili, watafiti wa Denmark wakiongozwa na Andreas Holtermann wamekuwa wakisema kwa miaka kwamba kazi nzito ya mikono haileti faida ileile inayoletwa na mazoezi ya hiari. Mizigo hubebwa saa nyingi, mapumziko ni machache, na shinikizo la damu hukaa juu kutwa. Uchambuzi wa Pieter Coenen wa mwaka 2018, ambao Holtermann alishiriki, uliona wanaume wenye kazi nzito wakiwa na hatari ya kufa mapema zaidi kwa asilimia 18 kuliko wenye kazi nyepesi, ingawa watu hao walitoka zaidi katika nchi tajiri, ambako mwenye kazi nzito mara nyingi ni maskini na mvutaji sigara. Sioni sababu ya kuchagua upande mmoja kwa ujumla wake. Mhadzabe hutembea, huchimba, hupanda, kisha hupumzika apendavyo. Kuli wa mpakani hubeba mzigo wa aina moja kwa bega lilelile mpaka gari lijae. Tofauti iko katika uwiano. Kazi humpa mtu nguvu za upande mmoja na uchovu wa upande huohuo, na zoezi la hiari lina kazi moja tu ya busara, kuujaza upande uliobaki. Hoja ya kwamba kazi ni zoezi, ikifuatwa mpaka mwisho, haimwondolei mkulima ratiba, inambadilishia.

Wanawake wanaumia zaidi upande huo uliobaki usipoangaliwa. Mama anayebeba maji kichwani na kuanika kakao ana shingo na mgongo vilivyofanya kazi kuliko vya kijana yeyote wa jimu, na akitaka mazoezi huambiwa ajiunge na mchakamchaka. Mfinyanzi wa Kikisi wa Ikombe, ambaye vyungu vyake husafiri kwa mtumbwi mpaka soko la Lyulilo karibu na Matema, hukaa chini muda mrefu akikandika udongo. Mikono yake ina nguvu, nyonga zake zimekakamaa. Wote wawili wanahitaji miguu na nyonga vifanyishwe kazi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki, nayo itangulie mbio kwa kuwa ndiyo inayoachwa muda unapokwisha. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inawataka watu wazima wote, bila kubagua jinsia, wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa kati kwa wiki pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Nusu ya pili ya sentensi hiyo hupotea njiani. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchini, na lilikuwa agizo jema. Lakini picha iliyobaki vichwani mwa watu ni ya misafara ya mbio za taratibu na fulana za rangi moja, bila chuma, bila hata pushapu.

Pingamizi la mafuta ni jepesi zaidi. Husemwa kwamba ukianza na vyuma unamaliza sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli, kisha ukikimbia unachoma mafuta matupu. Ni kweli kwamba mchanganyiko wa nishati inayotumika hubadilika kidogo ndani ya kipindi kile, lakini mwili hufanya hesabu zake kwa siku na kwa wiki, na kinachoungua jioni hurudishwa na sahani ya wali usiku. Tafiti za mpangilio hazikuona tofauti ya mafuta. Wanaosema mbio zitangulie ili kupasha mwili nao wanachanganya vitu viwili: dakika 5 mpaka 10 za mwendo mwepesi na kuzungusha viungo ni kupasha, na zitangulie kila kitu, siku zote, lakini dakika 40 za mbio ni zoezi kamili linalokula nguvu za linalofuata.

Mchezaji wa mpira ana kesi yake. Tukuyu Stars ilipotoka jirani kule Rungwe na kutwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1986, iliwapa vijana wa ukanda mzima ndoto ambayo haijazimika, na viwanja vya Kyela bado vina wanaojifua kila jioni. Mpira ni mchezo wa kuchomoka, kuruka na kugeuka, yaani zile nguvu za ghafla ambazo uchambuzi wa 2022 uliziona ndizo pekee zinazoumizwa na kuchanganya. Makocha wanaowazungusha wachezaji uwanja mara 15 kisha kuwataka waruke juu wanafundisha miguu iliyochoka kuruka kivivu. Kuruka na mbio fupi za kasi zitangulie, mpira ufuate, pumzi ndefu ije mwisho au siku nyingine.

Kwa mzee nasema bila kusita: nguvu kwanza. Kinachomwangusha mtu wa miaka 70 kwenye tope la masika ni mapaja dhaifu kabla ya pumzi fupi, na jaribio la Brazil lilionyesha faida kubwa ya kutanguliza vyuma katika umri unaokaribia huo. Hahitaji zege: kuinuka na kukaa kwenye kigoda mara 10, mara tatu, kabla ya matembezi yake kunatosha kuanzia. Tahadhari moja ni ya presha. Mwaka 1985 Duncan MacDougall na wenzake walipima shinikizo la damu la wanyanyuaji wakati wa kusukuma uzito mkubwa kwa miguu na kukuta wastani unafika 320 kwa 250, hasa kwa kubana pumzi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana shinikizo la juu, wengi bila kujua. Mwenye umri wa zaidi ya miaka 40 apimwe zahanati kabla ya kugusa kizito, na anyanyue huku akitoa pumzi kwa kinywa.

Msimu nao ubadilishe mpangilio. Machi na Aprili, mito Kiwira na Mbaka inapofurika na barabara za vijijini kuwa tope, mbio huwa za kubahatisha na shamba limeshachukua miguu. Miezi hiyo ni ya nguvu za mikono, ndani ya nyumba, muda mfupi. Mavuno yakishapita na ardhi kukauka, kuanzia Julai mpaka Oktoba, ndipo mtu aongeze kilomita na ndoo kubwa. Ukishapanga, usibadilishe kila Jumatatu kwa sababu rafiki amesikia jipya. Watu wa Hickson walionekana sawa mpaka wiki ya saba, kwa hiyo anayejipima kwa wiki mbili hajapima kitu. Chukua daftari, andika kazi uliyofanya siku hiyo kabla ya mazoezi, idadi uliyonyanyua na muda wa kilomita zako 4, kwa wiki 10. Kama idadi inashuka na muda wa kilomita hizo unapanda, miguu imelemewa. Ondoa kipindi kimoja cha mbio, au siku za shamba ondoa mbio na vyuma vyote viwili, ulale.